Skai Nyeupe na Doa Nililolitaja Vibaya

Kama umewahi kusafiri kwa boti ya moteri kutoka Kindu, ukakaa kwenye kiti laini badala ya ubao mtupu, basi karibu ni hakika kwamba ulikalia kazi yangu. Watu husema mimi hujisifu. Ni kweli, lakini na wanitajie fundi mwingine wa viti vya boti katika jimbo zima la Maniema, huku Kongo, mwenye diploma yenye mhuri, nami nitanyamaza. Mpaka leo sijatajiwa.

Nilistaafu mwezi uliopita. Macho hayaoni tena tundu la sindano, na vidole viwili vya mkono wa kulia vimekataa kukunjuka. Mashine nimewaachia mafundi wa karakana yangu pale karibu na bandari, nao wameniomba niwaandikie ninachokijua kuhusu madoa ya skai, ile ngozi ya plastiki tunayofunikia viti, maana madoa ndiyo malalamiko ya kila mteja. Nitaandika yote. Kuna doa moja ambalo mkishalisoma huenda mtaniangalia kwa jicho lingine. Nimeliacha mahali pake katika mpangilio wa miaka, sikulificha mwishoni wala sikulitanguliza.

Ufundi huu sikurithi. Baba yangu alikuwa mbeba mizigo kwenye stesheni ya treni, na alichoniachia ni mabega mapana. Niliondoka Kindu na shati moja, nikafika Kalemie kwa treni, nikavuka ziwa hadi Kigoma, na huko nikamkuta Fundi Sefu, mzee mwembamba aliyeshona viti vya meli za ziwani. Siku ya kwanza nilidhani atanikalisha kwenye mashine. Alinipa kisu na kunionyesha rundo la viti vibovu lililonizidi kimo. "Fungua," akasema. Nilifungua viti kwa wiki tatu bila kugusa uzi. Kila kiti kilipoletwa na doa juu, aliniuliza limetoka wapi, na kila nilipojibu kabla ya kufungua alinipiga rula ya mbao begani. Kanuni yake ilikuwa moja: fungua kwanza, useme baadaye. Nilimwona mzee msumbufu. Baadaye nilisoma chuo cha ufundi jioni, nikapata diploma kabla ya wenzangu wote, nikafunga kichwa cha mashine ndani ya blanketi na kurudi nyumbani. Diploma niliitia kwenye kioo, nikaitundika juu ya mashine. Ndani ya mwezi mmoja mji mzima ulikuwa umesahau jina nililopewa na mama yangu. Niliitwa Diploma, na niliitika kwa furaha.

Miaka ile ya kwanza ilinifundisha madoa ya kwetu, ambayo hayako kwenye daftari lolote la chuo. Doa la chungwa linalong'aa ni mawese. Mtu ameweka bidoni ya mafuta kwenye kiti kwa sababu sakafu ina maji. Lipanguse siku hiyohiyo kwa maji ya vuguvugu na sabuni. Ukilala nalo, litakuwa lako. Doa la bluu au kijani lenye umbo la makalio ni kitenge kipya ambacho hakijafuliwa, na mama mwenyewe huwa wa kwanza kusema si yeye. Mstari wa kahawia ulionyooka kama umepigwa rula umetoka kwenye mpira wa ndani wa gurudumu. Sisi hufunga kila kitu kwa mpira huo, na mpira mweusi ukigusana na skai wakati wa jua humwaga uchafu wake ndani ya skai, wala hakuna sabuni duniani itakayoutoa. Fungeni kwa kamba. Machozi mekundu yanayoshuka kutoka kwenye mshono ni kutu ya misumari; tumieni misumari ya shaba. Vidoti vyeusi ni ukungu, navyo vikiwa juu tu huondoka kwa brashi laini na siki. Skai iliyogeuka manjano upande wa mgongo tu imeliwa na jua, na iliyogeuka manjano yote imeoshwa na mwenyewe kwa javeli, ile dawa ya maji ya kutakatishia nguo. Javeli hung'arisha siku moja, halafu huikausha skai na kuozesha uzi. Nimeyasema haya kwa wenye boti mpaka mate yamenikauka. Wanaitikia, kisha wananunua javeli.

Halafu vita ikaja. Treni ilinyamaza. Chumvi ilikuwa adimu hata watu wakala sombe la majani ya muhogo bila chumvi, na aliyekwenda shambani alimuaga mkewe kama anayekwenda mbali. Waliokuwa na bunduki mjini ni kundi moja, waliokuwa na bunduki msituni ni kundi jingine, na sisi tulikuwa katikati na mto wetu. Mto ulipitisha vitu ambavyo watu wa bandarini walijifunza kutovitazama. Mimi sikukimbia. Mashine haikimbizwi kichwani, na nilikuwa nimeshakimbia umaskini mara moja; niliona inatosha.

Komanda wa askari walioshika mji alikuwa na boti ya moteri aliyoichukua kwa mtu. Akaniita. Alitaka viti vyeupe, viwili virefu, na alivitaka baada ya siku tatu kwa sababu kuna mkubwa wake anakuja. Nilikuwa na mita nne za skai nyeupe, nadhani za mwisho katika mji. Sponji nilitoa kwenye godoro lililotupwa nje. Tripleksi, yaani zile mbao nyembamba zilizogandishwa pamoja, niling'oa kwenye dari la duka lililoporwa, ambalo mabati yake yalikuwa yameondoka mvua nyingi nyuma. Ilikuwa mbichi. Ukiibonyeza kwa kidole, kidole kinatoka na unyevu.

Kila fundi anayesoma hapa anajua kinachotakiwa. Tripleksi ikaushwe wiki mbili kivulini, ipakwe rangi pande zote mbili na kingo zake, itobolewe matundu chini ili kiti kipumue. Sponji ianikwe mpaka iwe nyepesi mkononi. Sikufanya hata kimoja. Nilikata, nikapigilia, nikavuta skai mpaka ikawa kama ngozi ya ngoma, na nasema bila haya kwamba kwa macho ilikuwa kazi nzuri kuliko zote nilizofanya mpaka siku ile. Juu yake nikavisha nailoni. Mnajua desturi yetu: kiti kipya hakivuliwi nailoni yake, kiwe cha sebuleni au cha motokari, maana nailoni ndiyo inayowaambia watu kwamba kitu ni kipya. Komanda aliipenda kuliko viti vyenyewe. "Muntu asitoe hii nailoni," aliwaambia askari wake, nao hawakuitoa. Jua liliipiga kutoka juu, unyevu ukapanda kutoka chini, na hapakuwa na mlango wa kutokea.

Dereva wa boti hiyo alikuwa Asumani, mtu wa Alunguli, ng'ambo ya mto. Tulifahamiana tangu utoto. Aliniita yaya, yaani kaka mkubwa, kwa kuwa nilimpita mwaka mmoja, na kwa kuwa alijua napenda kuitwa hivyo. Askari walimshika yeye pamoja na boti, kwa sababu hakuna mwingine aliyeweza kuiwasha moteri ile bila kuitukana. Alikuwa na mke, Mama Zaina, na watoto watatu. Kila alipopita karakanani alisimama mlangoni akisoma diploma yangu kwa sauti, akikosea Kiingereza makusudi, ili tu nimsahihishe.

Baada ya miezi miwili kiti kimoja kilianza kubadilika. Chini ya nailoni, kwenye skai nyeupe, yalitokea mabaka mekundu hafifu, kama maji ambayo mtu amenawia mkono uliokatwa. Wakati huohuo kulikuwa na maneno mjini kwamba mtu fulani anavusha majeruhi wa msituni alfajiri, kutoka upande wa Alunguli. Boti yenye ufunguo ilikuwa moja, na ufunguo ulikuwa na Asumani.

Waliniita bandarini asubuhi, watu wakiwa wengi. Viti vilikuwa vimetolewa botini na kuwekwa chini, nailoni imechanwa. Asumani alisimama kando yake, askari wawili wamemshika mikono.

Komanda alisema, "Fundi, wanasema uko na diplome ya viti. Angalia. Hii njo nini?"

Nilichuchumaa. Nilipitisha kidole juu ya baka. Juu palikuwa pakavu na laini, hapakuwa na ganda wala ukoko. Niliomba javeli, nikasugua, nikasugua tena. Baka halikupungua hata kidogo. Sikuwa nimewahi kuona doa la namna hiyo, si Kigoma wala Kindu. Huo ndio ukweli wa nilichokijua wakati ule: sikujua kitu.

Asumani alisema, "Yaya, iko ndani. Angalia vizuri, juu hakuna kitu, inateleza. Hii haikumwangika. Fungua kiti, utaona."

"Nifungue?" nikamwambia. "Na skai nyingine nitaitoa wapi? Ndege itaniletea?"

"Nitaishona miye mwenyewe, ata na uzi wa nyavu. Fungua tu, yaya."

"Asumani, weye uko muntu wa moteri. Viti niachie miye."

Watu walicheka. Nakumbuka kicheko kile kwa sababu kilinipendeza. Askari mmoja akasema, "Ee, Diploma amemunyamazisha!" Komanda akauliza mara ya pili, na sasa watu wote wakanigeukia mimi, fundi aliyerudi kutoka ng'ambo ya ziwa.

Sikutishwa. Wapo waliokuja kuniambia, ili kunifariji, kwamba bila shaka nilielekezewa bunduki. Hapana. Bunduki zote zilikuwa zimemwelekea Asumani. Ningeweza kusema sijui. Ningeweza kutoa kisu kilichokuwa mfukoni na kung'oa misumari kumi na miwili ya upande wa chini, kazi ya muda wa kunywa chai. Lakini skai ile ilikuwa imevutwa vizuri mno, na neno sijui lingesikika na mji mzima.

Nilisema, "Njo damu. Damu ya muntu ikikaa kwenye skai, haitoki tena."

Komanda akageuka kwa watu. "Mumesikia. Muntu wa diplome amesema."

Asumani hakupiga kelele. Aliniangalia tu, kama mtu anayengoja umalizie sentensi. Walirudisha viti ndani ya boti, wakamkalisha juu ya kile chenye mabaka, wakaiwasha moteri kwa matusi na kushuka nayo mto. Ilirudi mchana. Yeye hakurudi. Mwili wake haukuonekana.

Wiki iliyofuata mabaka yalitokea kwenye kiti cha pili, ambacho kilikuwa safi. Niliyaona, kwa kuwa niliitwa kuvisha turubai. Ningepaswa kujiuliza maswali. Nilijiambia: hii sasa ni damu ya Asumani mwenyewe. Nikavisha turubai na kwenda zangu.

Alunguli iligawanyika juu ya jina lake. Wengine walisema alivusha waliochoma nyumba zao. Wengine walisema alikuwa wa askari tangu mwanzo na kwamba askari walimalizana wenyewe kwa wenyewe. Kwa vyovyote hakuna aliyetaka kuonekana kwenye mkeka wa msiba wake. Mama Zaina hakuweka matanga. Hakuna kisomo kilichosomwa. Watoto walikua wakiitwa watoto wa boti ya damu, na Zaina, mkubwa wao, alipoposwa, wazee wa upande wa mume walikuja mara moja tu, wakauliza habari za baba, hawakurudi. Mama Zaina alipita mbele ya karakana yangu kila siku ya soko na beseni la mboga kichwani. Hakuwahi kugeuza shingo. Mimi nilijifanya natafuta uzi.

Vita ilipoondoka mjini, boti ya Komanda iliachwa ukingoni imetobolewa. Nilivichukua vile viti viwili. Skai nyeupe ilikuwa bado adimu, nikasema siku moja nitaitumia. Sikuitumia. Nilivipanga ukutani vikawa benchi ya wateja, nikavitandikia kitenge. Watu walivikalia kwa miaka wakisubiri kazi zao. Mimi mwenyewe nilivikalia nikila mchana.

Kazi ilirudi, tena nyingi. Nilishona boti za wafanyabiashara, za wahudumu wa afya, za watu waliokuja kuhesabu ndege wa msituni, ambao walilipa vizuri na kukaa vibaya. Nilifundisha mafundi wengi. Niliwapiga rula begani kama nilivyopigwa, nikawaambia fungua kwanza. Naona mnatabasamu mnaponisoma. Subirini.

Muda mfupi kabla sijastaafu, patron mmoja, tajiri wa mchele, alinunua boti mpya iliyokuja na viti vyake tayari, vyeupe, ndani ya nailoni. Alikataza nailoni isiguswe. Baada ya msimu mmoja wa mvua akaniita, akicheka.

"Diploma, kuja uone. Kiti yangu iko na surua!"

Niliinama kuangalia. Yalikuwa mabaka yaleyale. Wekundu uleule wa maji ya kunawia.

"Umebeba nini humu?" nikauliza.

"Nibebe nini? Miye na bibi yangu, siku ya Mungu, basi. Mchele inapanda kwenye boti kubwa."

"Hakuna mgonjwa? Hakuna nyama?"

"Fundi, hii boti haijabeba ata kuku. Kama unataka kusema njo damu, niambie iko ya nani!"

Nilitoa kisu. Nilichomoa misumari upande wa chini, nikainua skai. Harufu ilinipiga kwanza, harufu ya mihogo iliyosahauliwa majini. Sponji ilikuwa nzito kama mtoto anayelala. Ubao chini yake ulikuwa na madoa mekundu, mazito kuliko ya juu, yametambaa kufuata unyevu. Doa halikuwa limeshuka kutoka juu. Lilikuwa limepanda.

Nilimpigia simu mwenzangu mmoja niliyejifunza naye kwa Fundi Sefu, ambaye bado yuko Kigoma. "Hilo?" akasema. "Hilo tunalo tangu zamani. Unyevu ukifungiwa ndani, vijidudu vinaota kwenye sponji na ubao, vinatoa rangi, na rangi inapanda kupitia skai yenyewe. Utasugua mpaka ufe. Halijakaa juu."

"Mbona hatukufundishwa?"

"Fundi Sefu alitufundisha mwaka wa mwisho. Wewe ulikuwa na haraka ya kurudi kwenu na diploma yako."

Kwa hiyo andikeni hili kwa herufi kubwa ukutani. Doa jekundu hafifu lisilo na ukoko, linaloteleza chini ya kidole, linalokataa sabuni na javeli, limetoka ndani. Dawa yake ni kubadilisha sponji na ubao, na mara nyingi skai pia. Kinga yake ni yale niliyoyaruka mimi: ubao mkavu uliopakwa rangi kila upande, matundu chini, mshono usikae mahali maji yanapotuama. Na ivueni nailoni, hata mteja akilia. Kiti kikinyeshewa kipanguswe kwa kitambaa, kisimamishwe kwa ubavu kipate hewa, kifunikwe kwa turubai ya kitambaa inayopumua.

Nilirudi karakanani saa saba mchana. Mafundi walikuwa wamekwenda kula. Nilitoa kitenge juu ya benchi. Nilianza na kiti cha pili, kile kilichobadilika baada ya Asumani kuondoka. Misumari ilikuwa yangu. Naijua mikono yangu. Chini ya skai kulikuwa na alama zangu za penseli, vipimo nilivyoandika kwa haraka ya siku tatu, na juu ya vipimo hivyo ulikuwa wekundu, umekauka sasa, umepita katikati ya tarakimu. Kiti cha kwanza sikukifungua. Nilijua kina mtu wa kufunguliwa mbele yake.

Nilivuka kwa mtumbwi kwenda Alunguli na ule ubao kwapani. Mama Zaina alikuwa kwenye bustani yake, anapalilia lengalenga.

"Hodi, Mama Zaina."

Hakusimama. "Diploma. Umepotea njia?"

"Hapana. Nimekuja kwako."

"Kwangu hakuna kiti ya kushona."

Niliuweka ubao juu ya tuta na kumweleza, kama nilivyowaeleza ninyi hapa, hatua kwa hatua. Mbao mbichi. Siku tatu. Nailoni. Aliendelea kung'oa magugu. Nilipomaliza aliniuliza, "Umejua lini?"

"Juzi."

"Na hii kiti ilikuwa wapi?"

"Kwangu. Karakanani."

"Miaka yote?"

"Miaka yote."

"Nani alikuwa anaikalia?"

"Wateja."

Alinyoosha mgongo na kuniangalia kwa mara ya kwanza. "Na weye?"

"Na mimi."

Alitikisa udongo kwenye mizizi ya gugu, akalitupa. Mimi nilianza kulia. Siandiki ili nisifiwe. Akasema, "Hapana, papa. Usinililie hapa, majirani watasema nimekufanya kitu. Ile siku ulisemea wapi?"

"Bandarini."

"Mbele ya nani?"

"Mbele ya watu."

"Basi, si unajua mahali ya kwenda."

Siku ya soko nilikipeleka kile kiti cha kwanza bandarini, kwa mkokoteni, nikakiweka chini palepale. Mama Zaina alisimama nyuma na binti yake. Niliita watu. Kwanza vijana wa mizigo walidhani nafanya biashara.

"Papa Diploma, kiti ni ngapi?"

"Kiti hiki hakiuzwi. Kaeni niwaambie kilichotokea hapa."

Niliwaambia. Wengi hawakuwa wamezaliwa, au walikuwa mgongoni mwa mama zao. Lakini mzee mmoja muuza nyavu alisogea mpaka mbele, akakitazama kiti kwa muda mrefu.

"Njo yenyewe?" akauliza.

"Njo yenyewe, mzee."

"Nilikuwa hapa. Nilicheka." Akaweka mkono kwenye skai, akautoa haraka. "Fungua, basi. Alikuambia ufungue."

Nilikuwa na hofu, na sitawaficha. Kama ndani kungekuwa kweupe, ningekuwa nimemwita mjane yule kuona mumewe akihukumiwa mara ya pili. Niling'oa misumari kumi na miwili. Ilichukua muda wa kunywa chai. Niliinua skai, kisha sponji, nikaugeuza ubao kwa watu. Wekundu ulikuwa mzito zaidi kuliko wa kile kiti kingine, umeanzia kwenye ubao wangu, kwenye penseli yangu, na juu ya sponji ulikuwa umefifia, na kwenye skai ulikuwa hafifu kabisa. Hata mtu asiyejua kushona kifungo angeona ulikotoka na ulikokwenda.

Kijana mmoja wa mizigo akapaza sauti, "Na diplome yako ilisema nini ile siku?"

"Diploma haikusema kitu," nikajibu. "Nilisema mimi. Asumani alisema kweli, mimi nikasema uongo, na wakamchukua kwa neno langu."

Hakuna aliyepiga makofi wala kunirushia jiwe. Muuza nyavu alivua kofia. Mwanamke mmoja wa Alunguli, ambaye simjui, alimwendea Mama Zaina na kumshika mkono, akamuuliza matanga yatakuwa lini. Mama Zaina akasema Ijumaa. Wengine wakauliza saa. Zaina alikuwa amekaa chini, kanga usoni.

Watu walipotawanyika, Mama Zaina aliichukua ile skai. Alisema ataitandika kwenye msiba ili waliokosa soko waone. Lakini ilikuwa na vumbi la miaka na mafuta ya chakula changu, naye ni mtu asiyeweka kitu kichafu mbele ya wageni. Alishuka nayo ukingoni, akaomba kipande cha sabuni kwa mama aliyekuwa anafua, akachuchumaa na kuanza kusugua. Vumbi likatoka. Mafuta yakatoka. Alipofika kwenye mabaka alisugua kwa nguvu zaidi, kwa ngumi mbili.

Nikamwambia, "Mama, hapo hapatoki. Iko ndani."

Mikono yake ikasimama. Hakunitazama. "Njo vile alikuambia," akasema.

Kisha akaendelea kusugua. Skai ilikuwa inamteleza majini, kwa hiyo niliingia mtoni na viatu vyangu, nikamshikia ncha ya pili.